Mipira Arobaini na Minne ya Kuaga

Nina diploma ya tiba ya viungo. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa hapa hulisahau haraka, na kwa sababu bila diploma hiyo haya yote yasingetokea. Niliipata India, katika mji ambao sikumkuta mtu yeyote wa kwetu. Mchana nilikuwa darasani, jioni nikiosha masufuria katika jiko la hospitali ileile niliyofanyia mafunzo. Baba yangu analima korosho na muhogo nje kidogo ya Likombe. Sikuwa na mjomba mkubwa serikalini wala mfadhili. Niliporudi Mtwara nilipanga chumba Ufukoni, nikakipaka rangi nyeupe kwa mikono yangu, nikanunua kitanda kirefu cha wagonjwa, na diploma yangu nikaitundika kwenye fremu ya kioo mahali ambapo mtu akilala chali hana budi kuiona.

Kule India kila uchochoro una watu wanacheza kriketi. Wenzangu wa bwenini walishangaa kukuta Mtanzania anayejua kwamba ova moja ni mipira sita, na kwamba mrushaji mzuri humtisha mpigaji kabla hajauachia mpira. Waliniuliza nimejifunzia wapi. Mtwara, niliwaambia. Walicheka. Basi nikawasimulia habari za mrushaji wetu, nikawasimulia tena na tena kwa miaka yote mitatu, hadi wengine wakawa wananisalimia kwa kuniuliza hali yake kabla ya yangu.

Mrushaji wetu ni fundi wa plasta. Ni Mmakua, mrefu, mikono yake karibu ifike magotini. Siku moja, ujanani, alikuwa juu ya jukwaa la miti, anapiga plasta ukuta wa ghala moja Mikindani, wakati vijana wa maduka wakicheza kriketi uwanjani hapo chini. Mpira ukaruka ukamfikia. Akaudaka kwa mkono wenye saruji, akaurudisha kulekule ulikotoka, ukang'oa vijiti vyote vitatu nyuma ya mpigaji, vile ambavyo vikiangushwa mpigaji ametolewa. Nahodha wao alikuwa kijana wa familia ya Kihindi iliyokuwa ikiuza misumari na mabati pale Mikindani tangu enzi za babu zao. Alimwambia ashuke. Fundi akajibu kwamba amalize ukuta kwanza. Walimsubiri mpaka akamaliza, na alicheza nao miaka thelathini.

Sisi huchezea juu ya jamvi la usumba, zulia refu jembamba la nyuzi za nazi linalovutwa na kupigiliwa misumari ardhini, kwa sababu majani ya uwanja wetu huliwa na mbuzi. Mpira ukigonga jamvi huruka kwa hasira. Ukirushwa na fundi, uliruka ukapita masikioni na kuacha mlio. Timu za Lindi zilikuja zikaondoka. Timu za Dar es Salaam zilikuja na begi za magurudumu, zikaondoka zikiuliza yule ni nani.

Mimi mwenyewe nilisimama mbele yake mara moja, nikiwa na miaka kumi na tisa, kabla sijasafiri. Nilikuwa nimejisifu wiki nzima kwamba nitampiga mpaka barabarani. Nilimwona anakimbia. Nilisikia hatua zake, nzito, kama mtu anashindilia udongo. Mpira sikuuona. Nilichosikia ni vijiti vikianguka nyuma yangu, na gongo langu la kupigia lilikuwa bado hewani.

Alikuja akanishika bega. "Pole, mtani," alisema. "Ulivilinda vizuri. Vimechoka tu vyenyewe."

Mimi ni Mmakonde, naye Mmakua, na sisi ni watani. Kwa anayetokea mbali nieleze kidogo: mtani wako anaweza kukutukana msibani ukacheka, anaweza kuchukua kuku wako ukamshukuru. Tangu siku ile ya vijiti, mimi na fundi hatukuwahi kuambiana jambo zito kwa sauti nzito. Nilipoondoka kwenda India alinisindikiza kituo cha basi akawatangazia abiria kwamba Mmakonde anakwenda kujifunza kuvaa viatu.

Mwaka jana, baada ya mvua, mkewe alimleta chumbani kwangu.

"Shemeji, mwangalie huyu," alisema. "Akilala upande wa kulia anaamka analia. Ananiambia ameota. Kila siku ndoto ileile, ya bega?"

Nilimkalisha fundi, nikaunyanyua mkono wake wa kulia mpaka juu kabisa, nikamwambia aushushe polepole. Ulishuka vizuri hadi nusu. Baada ya hapo ukaanguka kama kamba iliyokatwa. Nikarudia. Ukaanguka tena palepale. Nilijua. Hizi ndizo saa ambazo mtu anajua kwa nini aliosha masufuria. Kano moja ya bega, ule uzi mnene unaounyanyua mkono, ilikuwa imeanza kuchanika, na kipande kilichobaki ndicho kilichokuwa kikifanya kazi yote.

Nilimwandikia barua ya hospitali akapigwe picha. Aliikunja akaiweka mfukoni, na nilijua itafuliwa pamoja na suruali. Basi nikamwambia ukweli ulivyo: bega hili limebakiwa na kazi moja. Ama dari ama mpira. Fundi wa plasta anayeishi mjini hapa siku hizi anaishi kwa dari, maana ukuta kila mtu anaweza kuupiga, lakini kusimama siku nzima umenyoosha mkono juu na udongo usikudondokee machoni, hiyo ni kazi ya wachache. Ana watoto wanne shuleni.

Mkewe alikuwa akiitazama fremu yangu.

"Basi mpira nitauaga," alisema fundi. "Lakini niuage. Nisiukimbie."

Tukakubaliana. Atarusha ova moja ya kuaga, mipira sita, kwa nusu ya nguvu, mbele ya watu. Baada ya hapo hatarusha tena. Kwa wiki nane nilimfanyia mazoezi: maji ya moto, kuuning'iniza mkono na kuuzungusha akiwa ameinama ameshika chupa ya mchanga, kupandisha vidole ukutani hatua kwa hatua mpaka kwenye alama niliyochora kwa penseli. Alama ile ilipanda kila wiki. Mkewe alileta habari kwamba analala usiku mzima. Ilikuwa kazi nzuri, na sioni haya kuisema. Sijui mtu mwingine pwani hii ambaye angeifanya.

Kisha nikaenda Mikindani kununua bawaba.

Nahodha wa zamani sasa ni mzee wa ndevu nyeupe, na bado anauza misumari na mabati katika duka lilelile. Jamvi la kriketi hulala stoo kwake, limekunjwa nyuma ya ndoo za rangi. Wapenzi wa kriketi waliobaki hukutana hapo kila siku baada ya sala ya alasiri. Hukaa juu ya mifuko ya saruji, hunywa chai ya tangawizi, na kuzungumzia mechi ambazo nusu ya wachezaji wake wameshahamia Dar, Nairobi au Ulaya. Siku hiyo alikuwepo pia dereva wa lori la korosho, mtu mnene mwenye maneno, aliyekuwa akisubiri foleni ya bandarini ipungue.

"Daktari karibu," alisema mzee. "Mwenzetu anaendeleaje?"

"Huyu ni daktari?" aliuliza dereva. "Si nasikia ana diploma?"

"Ya tiba ya viungo," nilisema.

"Ya kukanda."

"Siyo kukanda."

"Bibi yangu Newala anakanda. Mafuta ya nazi na chumvi, ukitoka pale unakimbia. Na hana fremu ukutani."

Walicheka wote, hata mzee, ambaye mwanawe ni daktari kamili huko nje na hawezi kumaliza kikombe cha chai bila kumtaja. Nilisikia masikio yangu yanapata moto. Miaka mitatu ya masufuria, na mtu ananiweka benchi moja na bibi wa Newala.

"Nikwambie kitu," nilimwambia dereva. "Bega la yule fundi lilikuwa limekufa. Limekufa kabisa. Nimelifufua mimi, kwa mikono hii. Wewe unasikia ova moja? Ova moja ni adabu yake tu. Akitaka kurusha mipira mia, atarusha mia."

Mzee aliweka kikombe chini.

"Mia?"

"Mia," nilisema.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, na nikaona macho yake yamelowa.

"Basi tutamuaga kwa desturi," alisema. "Nilidhani haitawezekana. Alhamdulillahi. Tutamuaga kwa desturi."

Desturi yenyewe ni hii. Tangu familia za wenye maduka zilipoanza kuhama, mchezaji akiondoka hawampi kombe wala hotuba. Siku ya kuagwa, kila mtu aliyewahi kucheza dhidi yake husimama mbele yake kwenye jamvi na kupokea mpira mmoja. Mpira mmoja tu, halafu mnapeana mkono. Anayeaga hamkatai mtu hata mmoja. Wengi walioagwa hivyo walikuwa wazee wenye maduka, wanarusha kama wanaotupa punje kwa kuku, na ilikuwa burudani. Lakini huyu alikuwa mrushaji wa kasi. Kumrushia mtu mpira wa polepole ni kumwambia kwamba hukumbuki kama aliwahi kuwa mtu. Kila mmoja angetaka ule wenyewe.

Hayo yote niliyajua pale pale, kikombe kikiwa mkononi. Palikuwa na nafasi ya kusema neno. Nikanywa chai.

Siku mbili baadaye nilirudi Mikindani asubuhi, kabla watu wa chai hawajafika. Mzee alikuwa na karatasi juu ya meza ya duka, majina yamepangwa kwa mwandiko wake mzuri. Yalishafika thelathini na sita.

"Mzee wangu," nilisema, "ile mia ilikuwa namna ya kuzungumza. Mipira sita inatosha. Tuseme kumi."

"Napenda unyenyekevu wako," alisema.

"Siyo unyenyekevu. Bega bado changa."

"Daktari, huyu wa kwanza anatoka Dar kwa basi. Huyu amekata tiketi ya ndege kutoka Nairobi, hajakanyaga hapa tangu mama yake azikwe. Nimpigie yupi nimwambie kwamba jamvi halimtoshi?"

Nilipaswa kusema: nilidanganya. Ni neno moja. Lakini lori la dereva lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, naye amelala kwenye kiti, miguu nje ya dirisha, na nilifikiri neno hilo litamfikia kabla ya mchana. Nikasema tu kwamba tutaangalia. Nikanunua misumari nisiyoihitaji.

Kwa fundi nilijaribu zaidi. Nilimkuta kazini, kwenye nyumba inayojengwa karibu na barabara ya bandarini, anachota udongo.

"Ukizidisha mipira sita," nilimwambia, "mkono huu hautapanda tena."

"Mmakonde, umeona namba yako kwenye karatasi? Arobaini na nne. Umeanza kutetemeka mapema."

"Nasema kweli."

"Siku Mmakonde atakaposema kweli tutachinja ng'ombe, tuite na redio."

"Mtani, nisikilize. Kano imechanika. Nilikuonyesha."

"Na ukaishona. Umesema mwenyewe, duka zima limekusikia. Bega limekufa, likafufuka." Akapiga kibao cha udongo ukutani, akausawazisha. "Nimekuwa mtu wa ajabu, mimi. Nitaanza kutoza kiingilio."

Nilijaribu kunyamaza ili aone uso wangu. Akauona, akacheka zaidi, akasema naigiza vizuri na kwamba nilikosea kusomea viungo. Hakuna sauti iliyokuwa imebaki ambayo tulikuwa hatujaitumia kutaniana. Nilizijaribu zote.

Nikaenda kwa mkewe. Yeye alinielewa mara moja, na hilo halikunisaidia.

"Nimemwambia," alisema. "Nimemwambia mara nyingi kuliko wewe, shemeji. Anasema daktari ameruhusu." Alikuwa akianika nguo nyeupe za kriketi, suruali na shati, amezifua kwa bluu mpaka zinaumiza macho. "Miaka yote nilimwona anapendwa na watu ambao hawajui nyumba yetu iko wapi. Sasa wanatoka Nairobi. Nimnyang'anye mimi?"

Ilikuwa Jumapili, msimu wa korosho umepamba moto, na malori yalikuwa yamejipanga hadi karibu na uwanja. Jamvi lilifika juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Wazee wanne walilivuta, dereva akapigilia misumari kwa nyundo ya dukani. Palikuwa na sambusa, bagia, juisi ya ukwaju katika ndoo, na kitambaa kilichoandikwa ASANTE kwa rangi ya mabati. Wafanyakazi wa bandarini walisimama upande wa malori, wake za wenye maduka walikaa kivulini pembeni, na watu wa mtaa ambao hawajui sheria hata moja ya kriketi walikuja kwa sababu ya bagia wakabaki kwa sababu ya fundi.

Nilikaa kwenye benchi karibu na kijiti cha kuanzia mbio zake, na sanduku la barafu na bendeji.

Wa kwanza alikuwa yule wa Dar, mzee mwenye tumbo, amefungiwa miguuni pedi za kuazima za kujikinga na mpira. Desturi inataka kila mmoja aseme neno kabla ya mpira wake, na wote, bila kuambizana, walisema jambo moja: jinsi fundi alivyowatoa.

"Nilikuwa nimeoa wiki ile," alipaza sauti wa Dar. "Mke wangu alikuja kunitazama. Nilikaa mpira mmoja! Mpaka leo akikasirika ananikumbusha. Haya, nipe wenyewe!"

Fundi akampa wenyewe. Alikimbia hatua zake zote kumi na sita, mkono ukapita juu kama panga la feni, na kijiti cha kati kikaruka nyuma. Uwanja ulilipuka. Mzee wa Dar alikimbia akacheza kidogo, akamfikia fundi akamkumbatia, kisha akaushika mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili akautikisa kama anayevuta maji kwa pampu ya mkono.

Hilo sikulifikiria kabisa. Kupeana mkono.

Mipira kumi ya mwanzo ilikuwa mizuri kuliko yoyote niliyowahi kuiona hapa au India, na kwa dakika hizo nilijiona mkubwa. Nilifikiri huenda nilisema kweli. Huenda mimi ni hodari kuliko nilivyosoma. Kwenye wa kumi na nne alirudi kwenye alama yake akiwa ameshika kiwiko kwa mkono wa kushoto. Kwenye wa ishirini mkono ulipita chini zaidi, upande wa sikio. Watu hawakuona, maana mpira ulikuwa bado na kasi. Aliurusha kwa mgongo, kwa nyonga, kwa kila kitu isipokuwa bega.

"Ulinivunja jino!" alisema wa ishirini na mbili, akaonyesha pengo lake huku anacheka. "Nikasema nitaweka jipya siku utakayoacha. Nipe!"

Nilimpelekea fundi maji.

"Basi," nilimwambia. "Inatosha."

"Wamebaki nusu."

"Bega linakwambia nini?"

"Linasema Mmakonde akakae." Alitabasamu, lakini juu ya mdomo wake palikuwa na jasho dogodogo, lile la mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Nikamwendea mzee pale alipokuwa ameshika karatasi yake.

"Simamisha."

Mzee alidhani ni sehemu ya sherehe. Akaweka mikono mdomoni: "Fundi! Daktari anasema tusimamishe!"

"Msimsikilize!" fundi alijibu kutoka mbali. "Ni mtani wangu!"

Walicheka, wakapiga makofi. Mtu wa malori akapiga honi. Ndipo nikalisema, karibu na sikio la mzee, makofi yakiendelea.

"Nilidanganya. Kano imechanika. Hawezi mia. Hata ishirini hakuiweza. Nilisema ili dereva anyamaze."

Mzee aliishusha karatasi yake. Hakukasirika. Heri angekasirika.

"Na unaniambia sasa," alisema, "watu wamevaa pedi."

Alitembea polepole hadi kwa fundi, akamwinamia sikioni. Niliona anasema maneno mengi. Fundi alisikiliza huku anaufuta mpira kwenye paja. Kisha akainua macho, akaniangalia juu ya bega la mzee, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anacheka. Hakuwa na hasira pia. Aliniangalia jinsi anavyoangalia ukuta wa mtu mwingine uliopinda. Akamgusa mzee kifuani, akatikisa kichwa, akarudi kwenye alama yake. Wa ishirini na tatu alikuwa ameshachukua nafasi, anarekebisha kofia.

Mkewe aliinuka kivulini. Alisimama hivyo, hakukaa tena mpaka mwisho.

Nilihesabu. Hakuna kingine nilichoweza kufanya. Hata barafu hakuitaka. Thelathini. Thelathini na moja. Kila mmoja akasema neno lake la shukrani, kila mmoja akaomba ule wenyewe, na kila mmoja akaja kuutikisa ule mkono. Walikuwa wanampenda. Sijawahi kuona mtu akipendwa namna ile, na sikuwa na njia ya kuwazuia.

Arobaini na tatu alikuwa dereva, ambaye kumbe ujanani aliwahi kucheza mechi moja. Mpira wake ulirushwa kutoka usawa wa kifua, ukapita nje ya vijiti. Dereva alishangilia kwamba hakutolewa. Halafu akageuka. "Amebaki daktari wetu!" alitangaza. "Wa diploma!"

Nilitikisa kichwa. Walianza kupiga makofi kwa mpigo. Fundi alikuwa ameshafika kwenye alama, ameushika mpira kwa mkono wa kushoto, ananisubiri. Nikikataa, desturi imevunjika kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nilivaa pedi za dereva, zikiwa na joto lake. Nilipaswa kusema neno. Nilisema, "Mpira wako sikuuona," na watu wakacheka, maana nao walikuwa wameshasema vivyo hivyo.

Alikimbia hatua zote kumi na sita. Zilikuwa zilezile, nzito, udongo ukishindiliwa. Alifika kwenye mstari, akaruka, na mkono ukapanda hadi usawa wa bega, ukagoma. Niliona akiusukuma kwa uso mzima. Mpira ulimtoka wenyewe kwenye vidole, ukaanguka hatua mbili mbele yake, ukabingirika juu ya jamvi ukija kwangu, taratibu, ukikwama kwenye nyuzi za usumba, ukajivuta, ukasimama katikati.

Fundi alikuwa ameinama, ameubana mkono tumboni. Aliinua kichwa.

"Huu je, mtani?" alisema kwa sauti ya kusikika. "Huu umeuona?"

Wakaanguka kwa kicheko. Walidhani ameuweka makusudi, zawadi ya Mmakua kwa Mmakonde wake, mzaha wa mwisho baada ya mipira arobaini na mitatu ya kweli. Walivamia uwanja wakambeba mabegani. Mtu mmoja alimshika mkono wa kulia akaunyanyua juu ili apunge, na nilikuwa mbali mno, nimefungwa pedi, nikiwapigia kelele wamwache. Kelele zangu ziliingia katika zao.

Ile barua ya hospitali niliiandika upya, na safari hii mkewe ndiye aliyeitunza. Picha ilionyesha kano imekatika yote. Kuna upasuaji, Dar es Salaam, na kuna kusubiri kuitwa, na tunasubiri. Fundi anapiga plasta nusu ya chini ya kuta. Nusu ya juu na dari anafanya mtu mwingine, kijana aliyemfundisha mwenyewe, na fundi hubaki chini akimwelekeza.

Diploma bado iko ukutani. Ni ya kweli, na niliipata kwa jasho langu. Wagonjwa wameongezeka pia, kwa sababu wapenzi wa kriketi wanatangaza hadi Lindi kwamba mimi ndiye niliyemwezesha fundi kurusha mipira arobaini na minne. Nimemweleza kila aliyeniuliza. Wanasema napenda utani.

Yeye huja kila Jumanne na Ijumaa. Husimama mbele ya ukuta wangu, hupandisha vidole, hatua kwa hatua, tukihesabu, nami nimemshikilia kiwiko. Ile alama ya zamani ya penseli iko juu, mbali. Nimechora nyingine chini yake, usawa wa kidevu, na kwa miezi minne sijaihamisha.

Ijumaa iliyopita vidole vilisimama chini kidogo ya alama. Aliupapasa ukuta kwa ncha zake.

"Nani alikupigia plasta hii?"

"Niliikuta."

"Mbovu. Mkono ukipanda nitaibandua nikupigie upya, mpaka dari."

"Utaipiga," nilisema.

Hakugeuka. Alikaa vile, paji la uso karibu liguse ukuta.

"Hiyo umesema kama mtani," aliuliza, "au kama daktari?"

Kiwiko chake kilikuwa kizito mkononi mwangu. Nilimwambia ashushe, apumzike kidogo, halafu tuanze tena kuhesabu kutoka moja.